Elimu ya Zanzibar imeandikwa sana, daftari lake liko wapi?

Mwaka 1886 kilichapishwa Berlin kitabu cha Kijerumani kilichoandikwa na binti wa Sultani wa Zanzibar. Sayyida Salma binti Said, ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Emily Ruete, alieleza humo jinsi watoto wa majumba ya kifalme walivyosomeshwa Qur'ani, jinsi walivyoandikia juu ya mfupa wa bega la ngamia, na jinsi yeye alivyojifundisha kuandika kwa siri, kwa kuwa mtoto wa kike alitakiwa ajue kusoma tu. Mwaka uliofuata, London, A. C. Madan alitoa kitabu cha visa vya wavulana wa skuli ya misheni ya Kiungani, watoto ambao wengi wao walikuwa watumwa kabla ya kukombolewa. Wavulana waliandika kwa Kiswahili, Madan akafasiri kwa Kiingereza.

Kwa mwanahistoria wa elimu vitabu hivi viwili ni vya thamani kubwa. Kimoja kinaonesha darasa, kingine kinaonesha wanafunzi walitoka wapi na walipitia nini kabla ya kukaa darasani. Vyote vilitokana na watu waliosomea Zanzibar, na vyote vikachapishwa mbali kwa lugha ambazo wenyeji wengi hawakuzijua. Karibu miaka 140 imepita, na mtindo huo haujabadilika sana.

Ukizungumza na walimu, na maofisa wa elimu, na wanafunzi wa shahada ya uzamili wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kule Tunguu, utasikia lalamiko moja: utafiti kuhusu elimu ya Zanzibar ni mchache. Lalamiko hilo lina chanzo chake, lakini si kweli. Elimu ya visiwa hivi, vyenye watu 1,889,773 kwa Sensa ya 2022, imeandikwa na wamisionari, wakoloni, masheikhe, wanamapinduzi, wanahistoria, wataalamu wa lugha na washauri wa miradi. Imeandikwa kwa Kiarabu, Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani. Kinachokosekana ni orodha ya vilivyoandikwa, pamoja na maelezo ya kila kimoja: kinahusu nini na kinapatikana wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uchambuzi huu unapita katika mali hiyo tabaka kwa tabaka, unaeleza kwa nini haionekani, kisha unapendekeza daftari la namna gani lifunguliwe.

Tabaka la misheni na la ofisi

Wamisionari wa Kiingereza wa Universities' Mission to Central Africa (UMCA) waliweka makao yao Unguja mwaka 1864, na katika mwaka huohuo Askofu Tozer alikabidhiwa na Sultan Majid wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa mwanzo. Baadaye zikaja skuli ya wavulana ya Kiungani na ya wasichana ya Mbweni, pamoja na mtambo wa uchapaji uliotoa vitabu vya kusomea kwa Kiswahili. Wamisionari walikuwa waandishi wakubwa wa barua na ripoti, na kila walichokiandika walikituma kwao. Hazina hiyo leo imehifadhiwa Oxford. Anayetaka kujua msichana wa Mbweni alisomeshwa nini katika miaka ya 1880 itambidi apate viza ya Uingereza, au amtegemee mtu aliyeipata.

Tabaka la pili ni la Serikali ya kikoloni. Idara ya Elimu ilianzishwa mwaka 1907, ikiongozwa na S. Rivers-Smith, ambaye baadaye alihamia Tanganyika kuwa mkurugenzi wa kwanza wa elimu huko. Idara iliandika ripoti kila mwaka. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyokuwa na Thomas Jesse Jones kiongozi wake na J. E. K. Aggrey wa Gold Coast miongoni mwa wajumbe wake, ilipita Afrika Mashariki, na ripoti yake ya 1925 ina sehemu inayoihusu Zanzibar. Mwaka 1927 ikafunguliwa skuli ya kwanza ya Serikali kwa wasichana. Majalada mengi ya enzi hiyo yapo nyumbani, katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, na ndiyo yaliyomwezesha mwanahistoria Corrie Decker kuandika kitabu chake cha 2014 kuhusu wanawake wa Zanzibar na elimu, namna usomi wa mtoto wa kike ulivyobidi kwanza upatanishwe na heshima ya familia ndipo ukubalike, na namna ualimu ulivyompa mwanamke mshahara bila kumvunjia heshima hiyo.

Majalada haya yana upungufu wake, na mtumiaji anapaswa kuujua mapema. Yanazungumza kwa sauti ya ofisi. Yanawahesabu wanafunzi kwa makundi ya Waarabu, Wahindi na Waafrika, kama kwamba mipaka ya makundi hayo ilikuwa wazi. Yanapoeleza kwa nini wazee wa mashamba waliwazuia watoto wao wasiende skuli, mara nyingi yanaandika uvivu au ujinga, wakati mzazi alikuwa na hesabu yake: mtoto akienda skuli, Qur'ani atasoma saa ngapi, na karafuu nani atazichuma?

Kuna maandishi mengine ya wakati huohuo ambayo hayatajwi inavyostahili. Kuanzia miaka ya 1920 Idara ilikuwa na jarida la Kiswahili, Mazungumzo ya Walimu, ambamo walimu wenyewe waliandika kuhusu kazi yao na mambo ya nchi yao. Magazeti ya kisiasa ya baadaye, kama Al-Falaq, Mwongozi na Afrika Kwetu, nayo yalibishana kuhusu elimu: nani anapata nafasi, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani. Mtafiti anayesoma ripoti za mkurugenzi peke yake anapata nusu ya mazungumzo. Nusu ya pili imo katika magazeti na jarida hilo, na sehemu yake imeandikwa kwa lugha ambayo kila mwalimu wa leo anaisoma bila mkalimani.

Elimu iliyokuwapo kabla ya skuli

Kosa la kawaida la orodha za elimu ni kuanza na skuli ya Serikali. Zanzibar ilikuwa na vyuo vya Qur'ani na darsa za misikitini kabla ya mkoloni kufika, na wanafunzi walifuata masheikhe kutoka Komoro, Lamu, Barawa na Hadhramaut. Nani alisoma kwa nani, kitabu gani, katika msikiti upi: hayo ni maswali ya elimu, na yamejibiwa.

Aliyeyajibu kwa Kiswahili ni Sheikh Abdallah Salih Farsy, mwalimu na mwanachuoni wa Unguja aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kitabu chake cha 1972 kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika kinaonekana kama mkusanyiko wa wasifu wa masheikhe. Ukikisoma kwa jicho la elimu, utaona ni ramani ya mfumo mzima: walimu, wanafunzi wao, vitabu walivyovisomesha, safari zao za kutafuta elimu na ijaza walizopewa. Mwaka 1989 Randall Pouwels alikitoa kwa Kiingereza huko Marekani, na tangu hapo kimekuwa nguzo ya tafiti za wageni. Anne Bang wa Norway aliifuata mitandao hiyo ya masheikhe katika kitabu chake cha 2003. Roman Loimeier wa Ujerumani akaandika mwaka 2009 kitabu kikubwa kuhusu siasa za elimu ya Kiislamu Zanzibar katika karne ya 20, akionesha namna wakoloni walivyojaribu kuiingiza Qur'ani na Kiarabu ndani ya ratiba ya skuli, na namna elimu ya kumjenga mtu katika jamii yake ilivyovutana na elimu ya kumpatia kazi.

Ukitafuta "elimu Zanzibar" katika mtandao wa maktaba yoyote, Loimeier utampata. Farsy humpati kwa urahisi, kwa sababu kitabu chake kimewekwa chini ya dini au wasifu. Mgeni aliyemtumia Farsy anahesabika kuwa mtafiti wa elimu, naye Farsy anahesabika kuwa chanzo. Kwa hiyo anayekusanya maandishi haya afungue kila kitabu na aulize kinatufundisha nini kuhusu kufunza na kufunzwa, bila kujali kimepangwa rafu gani.

Mapinduzi na ukimya wake

Miezi minane baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, tarehe 23 Septemba, Serikali ilitangaza elimu bila malipo. Tarehe hiyo huadhimishwa hadi leo. Skuli zilizokuwa za jumuiya na madhehebu zikawa za Serikali, chuo cha Muslim Academy kikafungwa, walimu wengi wakaondoka, na vijana waliotoka skuli wakajikuta wanasomesha wenzao.

Kwa kipindi hiki maandishi ya ndani ni machache kuliko uzito wa mambo yaliyotokea. Baadhi ya walioyaona walinyamaza, wengine walihama. Kumbukumbu nyingi zimo katika vitabu ambavyo majalada yake ya nje hayataji elimu kabisa. Mfano ulio wazi ni kitabu cha G. Thomas Burgess cha 2009, chenye kumbukumbu za maisha za Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad. Kinajulikana kuwa kitabu cha siasa, na ndivyo kilivyo. Lakini Ali Sultan aliwahi kuwa Waziri wa Elimu katika miaka ya 1960. Maalim Seif alimaliza kidato cha sita mwaka 1963, akazuiwa kwenda chuo kikuu na kupelekwa kusomesha, kisha akawa Waziri wa Elimu kuanzia 1977 hadi 1980. Mawaziri wawili wa elimu wanasimulia kwa mdomo wao jinsi walivyoendesha mambo, na bado ni nadra kukiona kitabu hicho katika marejeo ya tasnifu za elimu.

Mengine yametawanyika zaidi. Ujerumani Mashariki ilileta wataalamu wake Zanzibar katika miaka ya 1960, na vijana wa Kizanzibari wakapelekwa kusoma huko, China na Urusi ya Kisovieti. Majalada ya upande wa Ujerumani yapo Berlin. Walimu na wasomi waliohamia Oman, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita wenye elimu, walibeba kumbukumbu zao pamoja nao. Waliosomesha mwaka 1964 wakiwa na umri wa miaka 20 sasa wamevuka 80. Kwa tabaka hili kazi ya kwanza ni kurekodi sauti zao, na haiwezi kusubiri.

Ripoti za miradi

Kuanzia miaka ya 1990 maandishi yaliongezeka kuliko wakati wowote, na sura yake ikabadilika. Vitabu vikawa vichache, ripoti zikawa nyingi.

Chukua skuli za maandalizi. Mpango wa madrasa ulianza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa mwanzilishi wake katika jamii, na ukafika Zanzibar mwaka 1990. Ulichanganya elimu ya awali ya kisasa na mafunzo ya dini, wazazi wakiwa wasimamizi. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliolinganisha, katika Zanzibar, Kenya na Uganda, watoto wa skuli hizo, watoto wa skuli nyingine za maandalizi, na watoto waliobaki nyumbani. Waliopata elimu ya awali waliwashinda wa nyumbani, na wa madrasa waliendelea zaidi. Ni jibu la swali ambalo kila mzazi wa Unguja na Pemba hujiuliza, nalo limo katika jarida la Kiingereza la kitaaluma.

Au chukua mradi wa RISE, uliotumia redio kusomesha watoto wadogo kupitia vipindi vya Tucheze Tujifunze, ukiendeshwa na shirika la EDC pamoja na Wizara kwa fedha za USAID. Miradi kama huu huzaa ripoti ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, zote zikiwa na takwimu ambazo mwanafunzi wa uzamili asingeweza kuzikusanya peke yake. Ripoti hizo hukaa kwa mfadhili. Mwanzoni mwa Februari 2025 tovuti ya USAID ilizimwa, na maandishi yaliyokuwa yakifikiwa kupitia njia zake yakawa shida kuyapata. Fundisho lake ni kali: maarifa yaliyokusanywa kwa watoto wa Pemba yaliwekwa mahali ambapo uamuzi wa kisiasa wa Washington ungeweza kuyafungia mlango kwa siku moja.

Upande wa lugha nao una fungu lake nene. Sera ya Elimu ya 2006 iliamua kwamba Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kabla na baada ya hapo wataalamu wa LOITASA, mradi wa utafiti kuhusu lugha ya kufundishia, wakiwemo Birgit Brock-Utne wa Oslo na Martha Qorro wa Dar es Salaam, walikuwa wakionesha kwamba mtoto hujifunza vyema kwa lugha anayoijua. Zehlia Babaci-Wilhite aliandika kuhusu mabadiliko ya Zanzibar yenyewe. Mjadala mzima kuhusu thamani ya Kiswahili darasani, katika visiwa ambavyo lahaja yake ya Kiunguja ndiyo msingi wa Kiswahili sanifu, umeandikwa karibu wote kwa Kiingereza. Mwalimu wa darasa la tano, ambaye ndiye aliyetakiwa kuitekeleza sera hiyo, ndiye aliye mbali zaidi na hoja zake.

Kwa nini haionekani

Umbali na lugha tumeviona. Sababu ya tatu huzungumzwa kidogo, nayo ni jina. Kikatiba elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, sera yake na mitaala yake. Elimu ya juu na mitihani ya kitaifa ya sekondari ni mambo ya Muungano. Katika takwimu nyingi za kimataifa, hata hivyo, kuna mstari mmoja tu: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Wastani wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 61 humeza visiwa visivyofika milioni mbili, na mfumo wenye sera yake huonekana kama mkoa.

Ungetarajia basi kwamba Zanzibar itajikuta katika fani inayochunguza elimu ya nchi ndogo. Fani hiyo ipo. Tangu miaka ya 1980 Jumuiya ya Madola, kupitia wataalamu kama Mark Bray, Colin Brock na Michael Crossley, imechunguza matatizo ya nchi zenye watu wasiozidi milioni moja na nusu: gharama ya mtaala kwa wanafunzi wachache, uhaba wa wataalamu, kutegemea vyuo na mitihani ya nje. Kila neno hapo lingeweza kuandikwa kuihusu Zanzibar, ambayo hata katika Sensa ya 2012 ilikuwa na watu 1,303,569. Lakini hesabu ya fani hiyo ni ya mataifa wanachama. Zanzibar ni ndogo mno kuonekana ndani ya Tanzania, na si taifa mwanachama ili ionekane miongoni mwa nchi ndogo. Inaanguka katikati ya viti viwili.

Mahali pamoja ambapo haikuanguka ni SACMEQ, ushirikiano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika. Katika awamu ya kwanza, katikati ya miaka ya 1990, mifumo saba ilipima usomaji wa wanafunzi wa darasa la sita, na Zanzibar ilihesabiwa peke yake pamoja na Kenya, Malawi, Mauritius, Namibia, Zambia na Zimbabwe. Awamu zilizofuata ziliitenganisha hivyohivyo na Tanzania Bara. Kwa anayetaka kuifuatilia elimu ya Zanzibar kwa takwimu zake yenyewe kwa miaka mingi, mlango wa kwanza ni huo.

Sababu ya nne inatokana na udogo wenyewe. Katika nchi kubwa mtafiti huandika "mwalimu mkuu wa kike, mwenye miaka 45, wa skuli ya sekondari ya wilaya fulani," na mtu huyo anabaki hajulikani. Andika hivyo kuhusu Wilaya ya Micheweni, na kabla ya sala ya laasiri kila mtu atakuwa ameshajua ni nani, ni binti wa nani, na alimsema mkurugenzi gani. Kwa hiyo watafiti wenyeji huandika kwa tahadhari, au hufanya utafiti wakauacha kabatini, au hupunguza makali ya matokeo yao. Mgeni huandika kwa uhuru zaidi kwa sababu ataondoka. Sehemu ya kilio cha "utafiti hakuna" ni utafiti uliofanywa na watu wenye sababu nzuri ya kutoutangaza.

Wenzetu wa visiwa

Malta, yenye watu wapatao nusu milioni, ina desturi ya kukusanya kila kitu kilichoandikwa kuhusu Malta, popote kilipochapishwa na kwa lugha yoyote. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Malta ina mkusanyiko maalumu uitwao Melitensia kwa kazi hiyo, na Ronald Sultana na wenzake wamehariri vitabu vya mkusanyo kuhusu elimu ya kwao, ili mwanafunzi wa ualimu aanze na maandishi ya nchi yake.

Shelisheli, yenye watu wapatao laki moja, inaonesha faida ya pili. Katika awamu ya SACMEQ ya mwaka 2000, skuli zake za msingi zilikuwa chache kiasi cha kupimwa zote. Watafiti wenyeji, Antoine Leste, Justin Valentin na Françoise Hoareau, waliona kwamba tofauti kubwa ilikuwa ndani ya skuli ileile, kati ya darasa la waliopangwa kuwa hodari na darasa la waliopangwa kuwa dhaifu. Wizara ikaanza kuachana na mtindo wa kuwatenga watoto kwa viwango. Matokeo yaliandikwa na wenyeji, yakasomwa na walewale wanaoamua, na yakabadilisha darasa. Katika nchi ndogo njia ya kutoka kwa mtafiti hadi kwa waziri ni fupi, ila iwe wazi.

Daftari la namna gani

Hatuhitaji jengo jipya wala mradi wa miaka mitano. Tunahitaji mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo uliopo.

Kwanza ni kibali cha utafiti. Mtafiti yeyote anayeingia skuli za Zanzibar huomba kibali. Kiwe na sharti linalofuatiliwa: nakala ya kazi iliyokamilika, pamoja na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili, inayosomeka na mwalimu. Asiyetekeleza asipewe kibali cha pili, na chuo chake kiarifiwe.

Pili, daftari lenyewe likae maktaba ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kwa ushirikiano na Nyaraka, lisiwe chini ya ofisi inayotoa vibali. Wenye wasiwasi kwamba kibali kinaweza kuwa chombo cha kuchuja matokeo yasiyopendeza wana haki. Dawa yake ni kutenganisha mikono: mmoja unaruhusu, mwingine unaandikisha, na unaoandikisha hauna ruhusa ya kukataa kazi kwa sababu imekosoa.

Tatu, kila kazi iwe na maelezo ya maana kuliko jina na mwaka. Utafiti wa madrasa ungeandikwa hivi: Mwaura, Sylva na Malmberg, 2008; lugha: Kiingereza; mahali: Zanzibar, Kenya na Uganda; waliochunguzwa: watoto wa skuli za maandalizi na waliobaki nyumbani; swali: je, skuli za madrasa humwendeleza mtoto kiakili; kisha jibu kwa sentensi mbili, na nakala inapatikana wapi. Cha Farsy nacho kingeandikwa vivyo hivyo: 1972; lugha: Kiswahili; mada: walimu na wanafunzi wa elimu ya dini; tafsiri ya Kiingereza: 1989. Kwa maelezo kama hayo, mwalimu wa Makunduchi na mshauri wa Geneva wanafika mahali pamoja.

Nne, deni la nyuma lilipwe na wanafunzi. Kila mwanafunzi wa shahada ya elimu apewe kazi ya kutafuta na kuandikisha maandishi kadhaa ya zamani, na kurekodi mzee mmoja aliyesomesha. Kwa miaka michache deni litapungua, na wanafunzi watakuwa wamejifunza utafiti kwa vitendo.

Wapo watakaosema intaneti imeshafanya kazi hii. Intaneti humpa mtu kile kilichowekwa humo na aliyekiweka, kwa lugha aliyoichagua, hadi siku atakapokiondoa. Haijui kwamba kumbukumbu za mawaziri wawili ni maandishi ya elimu. Wengine watauliza faida, wakati madarasa yanajaa na walimu wa Sayansi hawatoshi. Faida ni kuacha kulipia jambo moja mara mbili. Sera ya lugha, elimu ya awali, nafasi ya Qur'ani katika ratiba, usomaji wa darasa la sita: yote yamechunguzwa kwa fedha nyingi, na kila mradi mpya huanza na utafiti wa awali kana kwamba hakuna aliyetangulia.

Wizara na vyuo vikuu ndivyo vyenye dhamana. Lakini wewe mwalimu uliyemaliza shahada Dar es Salaam, Oslo au Muscat, na nakala ya kazi yako iko kabatini nyumbani, usingoje kanuni. Andika ikisiri yake kwa Kiswahili, peleka nakala moja maktaba ya chuo kikuu na nyingine Kilimani, na udai risiti.